Nani Kasema Wauguzi Wako Wengi?

Muuguzi akilalamika kwamba mshahara umechelewa, au kwamba amekwama katika daraja lilelile aliloajiriwa nalo, jibu huwa tayari mdomoni: akichoka aende, wako wengi mtaani wanaoililia nafasi hiyo. Husemwa na wapanga bajeti ofisini, husemwa na wapiga simu redioni kila mgomo unapotangazwa, husemwa hata barazani na wanaume ambao watoto wao walipokewa na mikono ya muuguzi huyohuyo. Jibu hilo limezoeleka hata haliulizwi ushahidi. Na ni la uongo. Hakuna fikra iliyoiumiza hospitali ya umma nchini Kenya kuliko hii ya kumwona mhudumu wa afya kuwa mtu wa kubadilishwa wakati wowote, na madhara yake hayajifichi kwa wakazi ambao hospitali yao kubwa iko ng'ambo ya maji.

Shika Adabu ni wadi ya Likoni, Mombasa, kwenye barabara itokayo feri kuelekea Ukunda. Sensa ya 2019 ililihesabia eneo zima la Likoni watu zaidi ya 250,000. Mama wa Shika Adabu akishikwa na uchungu usiku wa manane, njia yake inajulikana: tuktuk au gari la jirani hadi hospitali ya Mrima au ya Likoni, na mambo yakizidi, rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji hawajaacha kuiita Makadara. Kati ya Likoni na Makadara kuna kivuko. Feri huipisha ambulansi, lakini haiwezi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya nchi kavu, ila huo ni mzunguko mrefu wa kutokea Miritini, na mama anayevuja damu hana muda wa mzunguko.

Kwa hiyo maisha yake yanaamuliwa upande huu wa maji, na mara nyingi anayeamua ni mkunga wa zamu. Mbele yake ana karatasi ya kufuatilia uchungu, patografu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, mikazo inakuja mara ngapi na kwa nguvu gani, njia imefunguka sentimita ngapi na kwa muda gani. Alama zikivuka mstari wa tahadhari, swali ni moja. Asubiri, au aite ambulansi sasa? Akiita mapema mno, ameiondoa ambulansi kwa ajili ya mama ambaye pengine angejifungua salama palepale, na mwingine mwenye dharura ya kweli ataikosa. Akichelewa, mtoto anafia kwenye foleni ya kivuko. Mkunga aliyekaa miaka 12 katika wodi hiyo anajua mengi yasiyoandikwa kwenye karatasi. Anajua feri huchukua muda gani saa nane za usiku, na muda gani saa kumi na mbili asubuhi wafanyakazi wanaoelekea mjini wakiwa wameijaza. Anajua simu apigiwe nani Makadara ili damu na chumba cha upasuaji viwe tayari kabla mgonjwa hajafika. Anautambua uso wa mama anayepoteza damu kimyakimya, kabla mashine ya presha haijasema chochote.

Mkunga huyo akienda zake, nafasi yake hujazwa kwenye orodha ya waajiriwa. Anayeijaza ana cheti halali na ari tele, wala hana kosa lolote. Lakini wodi imepoteza miaka 12, na hakuna tangazo la kazi litakaloirudisha kwa mwezi mmoja.

Hata hesabu ya vichwa yenyewe haisimami. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 ili itimize malengo ya afya ya maendeleo endelevu. Kenya haijafika hapo. Kwa kipimo hicho, Likoni peke yake ingehitaji wataalamu zaidi ya 1,100, wa serikali na wa binafsi kwa pamoja. Aliyewahi kukaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri anajua kama idadi hiyo ipo au haipo. Ni kweli kwamba vijana waliohitimu chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, na vyuo vikuu wamejaa majumbani bila kazi, na ni jambo la uchungu. Ila kukaa kwao nyumbani kunathibitisha tu kwamba bajeti haikuwatengea nafasi. Nyumba inaweza kuwa na njaa na ghala lililofungwa kufuli kwa wakati mmoja, na mwenye ufunguo hana haki ya kuwaambia wenye njaa kwamba chakula ni kingi.

Mwaka 2013 unaeleza mengi. Juni 1 mwaka huo serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Ulikuwa uamuzi mwema, na akina mama waliitikia kwa wingi. Wakunga wa kuwapokea hawakuongezwa kwa kasi hiyo. Mwaka huohuo huduma za afya zilikabidhiwa kaunti, nao watumishi wakajikuta na mwajiri mpya ambaye hata utaratibu wa kulipa mishahara bado alikuwa akijifunza. Na Juni hiyohiyo serikali ilitia saini mkataba wa pamoja na chama cha madaktari, KMPDU, kisha ikauacha kabatini. Matokeo yake yalionekana Desemba 5, 2016, madaktari walipoweka vifaa chini kwa siku 100, na viongozi wao wakafungwa jela Februari 2017. Kufikia Juni 2017 zamu ilikuwa ya wauguzi. Hao waligoma hadi Novemba. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, hasa kwa sababu serikali ilitaka kuwalipa wanaofanya mafunzo ya kazini shilingi 70,000 badala ya 206,400 za makubaliano ya 2017. Anayesema wahudumu wa afya wana tamaa na wanapenda kugoma aitazame orodha hiyo tena. Kila mgomo ulianzia kwenye ahadi ambayo mwajiri mwenyewe aliitoa.

Fikra ya "wako wengi" hutembea na pacha wake, yaani imani kwamba hospitali ni jengo na mashine. Jengo linazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Hakuna anayekata utepe kwa sababu muuguzi ametimiza miaka kumi kazini. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98 nchini, kwa miaka saba na kwa takriban shilingi bilioni 38. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza baadaye ilikuta mashine zimelala katika baadhi ya hospitali, kwa kukosa wataalamu wa kuziendesha, umeme au vyumba vya kuziweka. Mwaka 2018 wakaletwa madaktari 100 kutoka Cuba kuziba mapengo ya kaunti, huku madaktari Wakenya wakizunguka na vyeti vyao. Wawili kati ya Wacuba hao walitekwa nyara Mandera Aprili 2019. Mpango ulisitishwa 2023, na mapengo yakabaki palepale yalipokuwa.

Sasa itazamwe kazi iliyofanywa kwa gharama ndogo katika nchi jirani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, iliwafundisha wahudumu wake kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa mafunzo ya siku moja. Kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri sana. Watafiti walipowafuata katika chumba cha kujifungulia, walikuta huduma yenyewe haijabadilika. Hospitali haikukata tamaa wala haikuwalaumu wakunga. Ilileta mwanasesere wodini, ikaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa zaidi ya theluthi. Somo hilo lilipopelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza vimeshuka kwa takriban asilimia 40.

Hapa pana funzo kwa wale wanaodhani kuwaendeleza watumishi ni kuwapeleka semina hotelini, wakarudi na begi na cheti. Zoezi la dakika chache kila wiki linafaa tu ikiwa wanaofanya zoezi wiki hii ndio watakaokuwepo wiki ijayo. Timu inayobadilika kila baada ya miezi michache huanza moja kila mara.

Kutokwa damu baada ya kujifungua ni hivyo hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000, ulitumia karatasi ya plastiki yenye vipimo ya kukingia damu, pamoja na utaratibu wa kutoa tiba zote kwa mkupuo mmoja badala ya kujaribu moja moja. Matukio mabaya ya uvujaji damu yalipungua kwa asilimia 60. Plastiki hiyo ni rahisi mno. Kilichoifanya iokoe ni wakunga waliofundishwa kazini, wenzao walioteuliwa kuwasimamia, na vikao vya kila mara vya kutazama takwimu za wodi yao wenyewe. Mama wa Shika Adabu hahitaji muujiza. Anahitaji kundi la watu wanaojuana, waliofanya jambo lilelile pamoja mara nyingi kabla hajafika.

Mtetezi wa fikra ile ana hoja nyingine, na inafaa kujibiwa kwa uzito wake: ukimsomesha atahama. Kaunti inagharimia masomo ya daktari bingwa, anarudi, baada ya mwaka yuko hospitali ya binafsi mjini au amepanda ndege kwenda Ghuba. Hofu hiyo ina msingi. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba kumsomesha muuguzi mmoja wa Kenya, tangu shule ya msingi hadi chuo, kuligharimu zaidi ya dola 43,000, na daktari karibu dola 66,000. Lakini Ghana ilikuwa na hofu hiyohiyo, tena kwa sababu nzito zaidi, kwani madaktari waliopelekwa ng'ambo kusomea ubingwa wa uzazi wengi wao hawakurudi. Mwaka 1989 nchi hiyo ilianza kuwafundisha mabingwa hao nyumbani, Accra na Kumasi, kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani na Uingereza. Zaidi ya miaka 20 baadaye, karibu wote waliohitimu walikuwa bado wanafanya kazi Ghana. Walisomea palepale wanapotibu, chini ya wakubwa waliowajua, wakiona mbele yao nafasi ya kufundisha wengine. Watu hawakimbii elimu. Hukimbia mahali ambapo elimu yao haina pa kwenda.

Na hapo ndipo wengi wa Mombasa walipo. Muuguzi mwenye diploma anajilipia shahada, anasoma wikendi, anavuka feri baada ya zamu ya usiku ili awahi darasa. Anamaliza. Anapeleka cheti ofisini, kinawekwa kwenye faili, na mshahara unabaki wa diploma kwa miaka. Mwajiri huyo akija kushangaa kwamba muuguzi wake ameomba kazi Uingereza, mshangao wake haustahili huruma. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya huko, na kilichotajwa kwa Wakenya ni kwamba watakwenda wasio na ajira. Lakini mwajiri wa ng'ambo hutafuta mtu mwenye uzoefu wa wodi. Anayeondoka kwanza ni yule ambaye wodi ilimtegemea.

Kuna pia wale walioajiriwa kwa mikataba. Mwaka 2020 serikali ya kitaifa iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya chini ya mpango wa afya kwa wote, kwa mikataba ya miaka mitatu na malipo ya chini kuliko ya wenzao wa kudumu. Mikataba ikaongezwa muda tena na tena, na mwaka 2025 wahudumu hao walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Mtu anayesubiri kujua kama mwezi ujao ana kazi hawezi kumlea mwanafunzi, wala hawezi kuchukua mkopo wa kiwanja. Atamaliza zamu yake na kuendelea kutafuta kwingine. Desemba 2020 daktari kijana, Stephen Mogusu, alifariki kwa COVID-19 akiwa na miaka 28 baada ya kuhudumu katika kituo cha wagonjwa wa ugonjwa huo kaunti ya Machakos. Alikuwa wa mkataba. Chama chake kilisema alikuwa hajalipwa kwa miezi na hakuwa na bima ya afya. Kifo chake kilipaswa kuifunga milele kauli ya "akichoka aende". Hakikuifunga.

Basi pesa zitoke wapi? Hii ndiyo ngome ya mwisho ya wapinzani, na haipuuzwi. Kanuni za fedha za 2015 zinaikataza kaunti kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Lakini kikomo hicho hakisemi nani aajiriwe ndani yake. Kaunti inaweza kuwa na watu wengi wa ofisini na wachache wa wodini, na bado ikalia kwamba imefika ukomo. Pia haki haigharimu kila mara zaidi ya dhuluma. Mshahara ukilipwa tarehe 30 badala ya tarehe 17 ya mwezi unaofuata, ni pesa zilezile. Kumpandisha daraja aliyestahili tangu zamani kunagharimu, ila kumpoteza na kumlipa wa muda, kisha kumfundisha mgeni, kunagharimu pia, na gharama hiyo haina mstari wake kwenye bajeti ndiyo maana haionekani.

Malawi, nchi maskini kuliko Kenya, ilikabili swali hili mwaka 2004 wodi zake zikiwa karibu tupu. Kwa msaada wa wafadhili iliwaongezea wahudumu wa kada 11 asilimia 52 ya mshahara na kupanua vyuo. Kufikia 2009 idadi yao ilikuwa imepanda kutoka 5,453 hadi 8,369. Pesa zina nguvu, asidanganyike mtu. Wala si pesa peke yake: mwaka 1983, Marekani ikiwa na upungufu mkubwa wa wauguzi, uchunguzi ulizitambua hospitali 41 ambazo wauguzi hawakuzikimbia. Kilichozifananisha ni wakuu wanaosikiliza, muuguzi kuwa na sauti katika uamuzi wa tiba, na nafasi ya kujifunza.

Likoni ina mambo yake ambayo hayahitaji mtaalamu wa kigeni kuyabaini. Muuguzi anayetoka zamu saa mbili usiku anatembea kuelekea stendi katika mitaa ambayo vijana wenye mapanga wamewahi kuwavamia wapita njia. Anayeishi Kisauni na kupangiwa Likoni hupanda matatu, feri, kisha matatu nyingine, kwenda na kurudi. Gari moja la wafanyakazi wa usiku lingeondoa hofu ya wengi. Tangu 2023 sheria inaviruhusu vituo vya afya kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia vyenyewe, kwa hiyo kisingizio cha kwamba kila shilingi lazima izunguke makao makuu kimepungua nguvu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Wauguzi wengi ni wanawake, na wengi wana watoto wachanga. Ratiba ya zamu ikitoka mwezi mzima mapema, mama anaweza kupanga nani atabaki na watoto. Mgeni akikabidhiwa kwa mkunga mzoefu kwa miezi yake ya kwanza, hataachwa peke yake na patografu usiku. Na mama akifariki wodini, waliokuwa zamu wakae chini na mtu anayejua kusikiliza, kabla ya barua ya kujieleza kufika. Ni mambo madogo, na kuyaacha ni uamuzi wa mtu mwenye jina na cheo.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waulizwe maoni yao. Wakazi wa Shika Adabu wakiitwa kwenye kikao hicho, wataonyeshwa michoro ya majengo. Waitazame, kisha waulize: mwaka uliopita ni wakunga, wauguzi na matabibu wangapi walioondoka Mrima na Hospitali ya Likoni, walikwenda wapi, na nani aliyewauliza sababu kabla hawajaondoka? Na wasikubali kuondoka kikaoni kabla takwimu hizo hazijasomwa hadharani.